Gari Lililochujuka la Wifi Yangu

Mawifi hatuna sifa ya kusifiana. Ukimsikia mtu anamsema vizuri mke wa kaka yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuchomeka "lakini", mguse paji la uso, huenda ana homa. Mimi sina homa. Ninachosimulia hapa nimekiona kwa macho yangu, tena sehemu nyingine nilikuwa nimeshika ndoo.

Wifi yangu ni mtengeneza nywele. Saluni yake ni chumba kimoja kirefu chini ya nyumba ya ghorofa, kina kioo cha ukuta mzima, draya inayonguruma kama pikipiki mbovu, na kamba ya taulo inayokatiza dirishani. Wateja wamembandika jina la Taratibu, na yeye analiitikia. Ukikaa kwenye kiti chake, umekaa kweli. Kwanza ataziminya nywele zako kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha atakupaka dawa kidogo nyuma ya sikio, aende zake kukunja taulo, na wewe usubiri uone kama ngozi itawasha. Siku moja nilimsikia mteja akimlalamikia, "Taratibu, mwenzio nina safari jioni!"

"Safari si utaenda na nywele zako," akamjibu bila kugeuka, "au unataka uziache hapa?"

Basi huyo ndiye aliyenunua gari.

Alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama. Kwa upande wa injini halikuwa na neno. Fundi alilisikiliza, akafunga boneti, akasema lina moyo wa kijana. Tatizo lilikuwa sura. Zamani lilikuwa la bluu iliyokolea, lakini lilikuwa limepigwa jua mpaka paa likachujuka kama jinzi iliyofuliwa ikachoka. Boneti lilijaa madoa ya utomvu na vinyesi vya ndege, na milango ilikuwa na michirizi ya matope ya zamani iliyogeuka kuwa sehemu ya rangi. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuja kulitazama siku lilipoingia, akalizunguka, akauliza kwa upole kama ni gari moja au ni mawili yaliyounganishwa.

Kaka yangu hakucheka. Yeye ni fundi umeme, anapenda mambo yanayoisha kwa kubonyeza swichi. "Tulipeleke kwa mpaka rangi, alikwangue lote, apake upya, yaishe," akasema. Wakalipeleka. Mpaka rangi alilitupia jicho moja tu, akakubaliana na kaka. Wifi ndiye aliyeuliza, "Samahani fundi, rangi yake imekufa, au imechafuka tu?"

"Mama, rangi haipimwi presha," fundi akasema, na wote wakacheka. Hata wifi alicheka. Lakini alirudi nyumbani na lile swali lake, akakaa nalo kama alivyozoea kukaa na nywele zilizoharibiwa na mtu mwingine.

Pale nyumbani kulikuwa pia na baba yetu, na bila yeye hadithi hii haiendi. Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kisha presha ya macho ikamla polepole mpaka akabaki anaona mwanga na vivuli tu. Siku alipogonga geti letu wenyewe wakati anarudisha gari nyuma, alishuka, akampa kaka funguo. Tangu hapo alikuwa mtu wa kibarazani na redio. Habari za magari hakutaka kuzisikia. Tukimpeleka hospitali kwa gari la kukodi alikuwa anapapasa mlango wa nyuma. "Mbele ni pa mtu anayeona," alikuwa akisema.

Wifi aliponiomba nimsindikize kwenye duka la vifaa vya magari, nilidhani tutaingia na kutoka. Duka lenyewe lilikuwa jembamba na refu, chupa za kila rangi zimepangwa mpaka darini, kila moja ikiapa kwamba itafanya gari liwe jipya. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameisukumia juu ya nywele. Mimi nikawahi kusema, "Tunataka cha kung'arishia gari." Wifi akanifinya mkono.

"Kabla ya kung'arisha," akasema, "naomba unieleweshe. Hizi chupa zina tofauti gani?"

Muuzaji akamtazama, akatoa chupa mbili akaziweka kwenye meza. Moja ilikuwa polishi, nyingine nta. Watu wengi, alisema, wanazichanganya, wanapaka nta juu ya uchafu kisha wanarudi dukani kugomba. Polishi inasugua, inaondoa utando mwembamba sana wa juu uliochoka na kukwaruzika. Nta haiondoi kitu, inafunika tu na kulinda kilichopo.

"Kwa hiyo hii inapunguza na hii inafunika," wifi akasema.

"Umenena."

"Na ikipunguzwa sana?"

"Haioti tena, dada. Si nywele."

Nilimwona wifi anatabasamu kidogo. Hakuwa amemwambia yule mama kazi yake.

Muuzaji akashusha kutoka kwenye rafu mashine kubwa ya kupolishia, nzito, ile wanayotumia gereji. Ningekuwa mimi ningeichukua kwa jinsi ilivyoonekana ya maana. Wifi aliishika, akaipima mkononi, akauliza, "Mtu asiyejua akikosea na hii, inakuwaje?"

Muuzaji akashusha miwani yake puani. "Nikwambie ukweli?"

"Niambie kama unamwambia mdogo wako."

"Hii inazunguka tu, palepale. Ukizubaa kidogo kwenye ukingo wa mlango, unaona bati. Hii ndogo hapa inazunguka huku inatikisika. Inachelewa kumaliza kazi, lakini haiunguzi ovyo."

"Basi nipe inayochelewa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye na mashine hiyo walikuwa wameumbwa waendane.

Ikawa hivyohivyo kwa kila kitu. Alichukua polishi laini kabla ya kali, kwa maelezo kwamba ukianza na kali huna pa kurudi. Alichukua shampuu ya gari, akaachana na sabuni ya unga niliyokuwa naisifia. Alichukua bonge la udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofanana na ule wa kuchezea watoto, ambao unapitishwa juu ya bati lenye maji ya sabuni, unanasa vijiuchafu ambavyo kuosha tu hakuvitoi. Akachukua selotepu ya karatasi na sponji za mviringo za mashine. Kwenye vitambaa ndipo tulipokaa. Mimi nilikuwa nimependa vya njano vyenye upindo mzuri. Yeye akavisugua kwenye mdomo wake wa juu, kimoja kimoja, akavirudisha. Ule upindo ulikuwa wa uzi mgumu. Mwishowe akauliza kama taulo zake kuukuu za kazini zingefaa, maana zimelainika. Muuzaji akamkatalia katakata: taulo ya pamba iliyochoka inakwaruza kuliko mtu anavyofikiri. Wifi alikuwa na rundo la taulo hizo nyumbani, ameshazifua tayari kwa kazi hiyo. Hakubisha. Akachukua vitambaa vya mikrofaiba, vya nyuzi laini sana, na usiku uleule taulo zikarudi saluni.

Dawa ya kunyunyiza matairi yang'ae, manukato ya ndani, na chupa moja iliyoandikwa kwamba inafanya kila kitu, aliviacha vyote pale mezani. "Kinachofanya kila kitu kinanitia shaka," aliniambia tukiwa njiani.

Siku yake ya mapumziko tuliosha. Ndoo moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Baada ya hapo alivaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, akaupitisha juu ya mlango uliokuwa unaonekana msafi kabisa, kisha akanivalisha na mimi. Nilishtuka. Chini ya plastiki vidole vilikuwa vinahisi kama msasa. Alipitisha ule udongo mpaka pakawa laini, na udongo wenyewe ukageuka rangi ya majivu.

Mpaka hapo alikuwa mwanafunzi mwema. Halafu pupa ikamshika, na mimi sitaficha kitu. Jua lilikuwa limeshapanda, boneti linachoma, na yeye akatia polishi. Ilikauka palepale ikawa kama chaki. Vumbi lake jeupe likaingia kwenye plastiki nyeusi chini ya kioo cha mbele, kwa sababu selotepu ilikuwa bado kwenye mfuko. Mashine ikanguruma, jirani akachungulia juu ya ukuta, kaka akatoka akashika kiuno.

"Nilisema," kaka akasema.

Wifi alizima mashine, akageuza ndoo akaikalia. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. "Ulisema jambo jingine," akamjibu. "Ila nimekosea. Jua! Hata kichwa cha mtu siwezi kukipaka dawa juani." Kisha akachukua mswaki mkuukuu, akapiga magoti, akashinda anaichokonoa ile plastiki mpaka weupe ukatoka. Wengine tungekuwa tumeingia ndani kulala.

Wiki iliyofuata alianza mapema, gari likiwa kwenye kivuli cha nyumba. Safari hii alifunika kila mpira na kila plastiki kwa selotepu, akabandika na mstari mmoja katikati ya boneti kutoka juu mpaka chini. Akafanya upande mmoja tu. Alifuta, akabandua ule mstari. Upande mmoja ulikuwa bati la kijivu. Upande wa pili ulikuwa wa bluu, na ndani yake kamba ya nguo ilikuwa imejichora na shati la kaka likipepea. Kaka mwenyewe alikuja na kikombe cha chai, akainama, akajitazama. "Ni gari lilelile hili?" akauliza kwa sauti ndogo, na kwa mshangao akakiweka kikombe juu ya paa.

"Kikombe!" wifi akapiga kelele, kaka akakinyakua na kujimwagia chai kifuani. Kibarazani baba aliangua kicheko. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Nadhani kicheko hicho ndicho kilichozaa yaliyofuata. Boneti lilikamilika jioni ile, na kesho yake nilipotoka kazini nilimkuta baba uani, mikono ya shati imeloa, uso umechangamka. Mkononi ana tambara alilolitoa stoo. Harufu ya mafuta ya taa ilinipokea getini.

"Njoo uone, mwanangu," akaniambia. "Nimemsaidia mkwe wangu. Nimelifuta boneti lote kama nilivyokuwa nafuta lori. Linang'aa?"

Kwa mbali lilikuwa linang'aa, kwa sababu ya mafuta. Nilipokaribia, niliuona ukweli. Lile tambara lilikuwa limekaa stoo pamoja na mfuko wa saruji. Boneti zima lilikuwa na mikwaruzo ya duara, moja juu ya nyingine, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Linang'aa, baba," nikasema.

Nikakimbia getini kumsubiri wifi, nimwandae kabla hajaona. Alinisikiliza, mkoba bado uko begani, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akawasha tochi ya simu, akainama juu ya boneti. Nilijua amechoka, amesimama tangu asubuhi juu ya vichwa vya watu. Nikajisemea, leo patakuwa patamu, maana hata mimi, wifi mtu, ningempa haki yake ya kufoka.

Akapanda kibarazani, akakaa kwenye kigoda karibu na baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeliona?"

"Nimeliona. Ulitumia mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa, ndiyo. Lori langu nililifuta hivyo miaka yote."

"Lori lilikuwa na rangi ngumu, baba. Hili ngozi yake ni laini, na lile tambara lilikuwa na mchanga. Limekwaruzika."

Nilitamani sakafu inimeze. Baba aliinamisha kichwa. Mkono wake ukatafuta redio, ukaikosa. "Nimekuharibia," akasema.

"Umenirudisha nyuma. Kuharibu bado," wifi akasema. "Twende, nina kazi na wewe."

Akamshika kiwiko mpaka kwenye gari. Akamvalisha ule mfuko wa plastiki mkononi, akamwekea kiganja juu ya buti, sehemu ambayo udongo ulikuwa bado haujapita. "Hapa pakoje?"

Baba akapapasa. "Pana changarawe."

Akamhamishia kwenye mlango. "Na hapa?"

Baba akapapasa. Akapapasa tena, akarudi kwenye buti, akarudi kwenye mlango. "Hapa ni kama kioo. Hapa, chini ya kitasa, umeruka kidogo."

Wifi akainama na tochi yake. Kweli, alikuwa ameruka. "Mimi nikichoka macho yananidanganya," akasema. "Naona pasafi wakati si pasafi. Nahitaji mtu wa vidole."

"Unanionea huruma," baba akasema.

"Ningekuonea huruma ningekwambia boneti linang'aa."

Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Kuanzia hapo redio ilipata likizo. Wifi alirudi dukani kwa yule mama wa miwani, akaeleza ajali yote, akapewa chupa ndogo ya polishi yenye makali ya wastani pamoja na sponji ngumu kidogo, na onyo aipitishe mara chache kadiri inavyowezekana. Alijaribu kwanza kwenye kona ya boneti, pakubwa kama kiganja, akafuta, akatazama kwa tochi, ndipo akaendelea. Nyuma yake alikuwa baba na mfuko wake, na baba, jamani, aligeuka kuwa bosi asiyevumilika. "Rudia hapa." "Nimesharudia, baba." "Basi hukurudia vizuri." Waligombana juu ya ukingo wa dirisha mpaka jirani akadhani kuna ugomvi wa kweli. Kitambaa kikianguka chini, hata kama kimegusa saruji tu, wifi alikitupa kwenye beseni la kufuliwa na kuchukua kingine, na baba akawa anasikiliza sauti ya kuanguka ili awe wa kwanza kusema, "Hicho kimekufa!"

Si kila kitu kilitoka. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa funguo tangu enzi za daktari wa meno. Kaka, ambaye sasa alikuwa shabiki mkubwa kuliko wote, alitaka usuguliwe mpaka uishe. Wifi alipitisha ukucha juu yake, ukucha ukanasa. Akamwita baba naye apitishe wake.

"Umeingia ndani," baba akasema.

"Nikiendelea nitatoboa," wifi akasema. "Huu ubaki. Gari lina umri wake."

Kaka akaguna, lakini akaacha. Siku nta ilipopakwa, nyembamba, ikafutwa, baba alivua ule mfuko, akapitisha kidole kitupu kwenye paa. Kikalia kwii. Akarudia, akacheka peke yake.

Jioni hiyo wifi alisema tukalizungushe. Baba akaufuata ubavu wa gari, akapapasa kitasa cha nyuma kama kawaida yake.

"Nyuma kumejaa ndoo, baba," wifi akasema. "Mimi na wifi tutabanana huko. Mume wangu ataendesha. Wewe pita mbele."

Ndoo zilikuwapo kweli. Nani alizipanga juu ya kiti wakati buti liko tupu, sikuuliza. Baba alisimama kidogo, mkono kwenye paa. Kisha akapanda mbele, akavuta mkanda, akaanza kumwambia kaka kwamba injini inaomba gia nyingine. Alikuwa sahihi, na kaka alikasirika njia nzima.

Watu wakaanza kuja. Jirani aliyeuliza kama ni magari mawili alikuja wa kwanza, ameshika kofia mkononi, akitaka wifi amng'arishie la kwake. Wifi akamwambia yeye ni mtengeneza nywele, magari ya watu hagusi, ila kama ana siku moja ya mapumziko na yuko tayari kulowa, atamweleza cha kununua na cha kuacha dukani. Nikadhani atakata tamaa. Alirudi na ndoo mbili na vitambaa vyenye lebo zimeshakatwa, na baba akashuka kibarazani kumkagua kama askari wa zamu. Wengine wamemfuata. Wapo waliorudi na ile mashine kubwa kwa sababu ya ubishi, na mmoja wao ana ukingo wa mlango unaoonyesha bati mpaka leo. Wifi hakumcheka. Alimwonyesha namna ya kuziba pale kwa rangi ya brashi ndogo kabla kutu haijaingia.

Mimi huwa namtazama kazini kwake siku hizi kwa jicho jingine. Zamani nilidhani polepole yake ni maringo. Sasa naona ni heshima: kwa kichwa cha mtu, kwa bati, kwa mzee aliyeharibu kazi ya siku nzima kwa nia njema. Mimi nilimwonea baba haya, nikamdanganya. Yeye alimwambia ukweli na papo hapo akampa kazi, na sijui yupi kati yetu ni mtoto wake wa kumzaa.

Hivi sasa wifi na baba wameanza kuulizia taa. Taa za mbele za lile gari zimekuwa za manjano, na mama wa miwani amesema kuna msasa laini sana wa kusugulia kwa maji. Wifi hajazigusa. Amekwenda gereji akaomba taa moja iliyovunjika, ya gari lolote, na kwa muda sasa taa hiyo imelala kwenye meza ya jikoni, imezungushiwa selotepu nusu yake. Akishapika wanakaa wawili, yeye na baba, beseni la maji katikati, wanaisugua.

"Bado," baba anasema, kidole kikitembea juu yake.

"Najua bado," wifi anasema, anachovya msasa.